Tusemeje Tunapoonyeshwa Picha?



Huenda baadhi yenu mtajiuliza ukurasa wa afya umepatwa na nini hata uanze kuzungumzia picha. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, chanjo na lishe ya watoto. Tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho, nanyi mtaona kwamba hatukutoka nje ya kazi yetu.

Siku hizi simu yenye kamera imeingia karibu kila mtaa. Hapa Konde kijana akipita penye karafuu zilizoanikwa barazani husimama akapiga picha. Binti humpiga picha shangazi yake aliyevaa nguo mpya ya harusi. Mama humpiga picha mtoto aliyeota vipele, ili amwonyeshe mume wake aliye safarini. Halafu simu hupitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika hutoa neno lake. Mmoja atasema, "Nzuri!" Mwingine atacheka. Wa tatu atasema, "Mbona umetoka mweusi hivi?" Simu hurudi kwa mwenyewe, na watu huendelea na chakula chao.

Neno lile dogo lililosemwa haliishi pale. Laweza kumfanya mtoto apende kujifunza, au aifiche simu yake asiwaonyeshe tena wakubwa. Laweza kumpeleka msichana dukani kununua krimu ya kujichubua. Laweza pia kumchelewesha mgonjwa asifike hospitali. Ndiyo maana sisi wauguzi tumeona tuliandike jambo hili katika ukurasa huu.

Kanuni tunayotaka mwondoke nayo leo ni fupi: sema juu ya picha, usiseme juu ya mtu. Mengine yote tutakayoeleza yanatoka hapo.

Hakuna aliyezaliwa anajua

Tuanze na wale waliotutangulia. Mjini Unguja kuna studio maarufu iitwayo Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye ikaendelezwa na mwanawe Rohit. Kule Lamu, Omar Said Bakor alifungua studio yake katika miaka ya 1960. Yeye hakusomea kazi hiyo chuoni, bali alijifundisha mwenyewe. Naye Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto wa shule na kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie. Mtoto huyo ndiye ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliufanya ulimwengu uinuke kutoa msaada. Alifariki mwaka 1996, ndege aliyokuwamo ilipotekwa nyara ikaanguka karibu na visiwa vya Komoro.

Zama zile mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36 tu, au pungufu, na kila moja ilikuwa na gharama. Mpiga picha alifikiri kabla ya kubonyeza. Picha ikiharibika, mteja aliirudisha na kueleza kasoro yake: macho yamefumba, mtoto amekatwa miguu, uso hauonekani. Hapo mpiga picha alijifunza.

Leo kijana anaweza kupiga picha 100 kabla ya adhuhuri bila kulipa hata senti ya filamu. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwa upole, "Hapa umepata, hapa jaribu tena." Sisi wazazi, walezi na jirani tunaweza kuwa mtu huyo, hata kama hatujawahi kushika kamera. Macho tunayo, na ulimi tunao. Linalotakiwa ni kuutumia ulimi huo kwa hekima, maana wahenga walisema ulimi hauna mfupa.

Maneno matatu yasiyosaidia

La kwanza ni "Mbaya." Neno hili halimwambii mtu afanye nini kesho. Tena mtu akiaibishwa mbele ya wenzake, mwili wake hupokea kama umeshambuliwa. Moyo hudunda kwa kasi, uso hupata joto, viganja hutoa jasho. Akili iliyo katika hali hiyo hutafuta njia ya kukimbia au kujitetea. Haina nafasi ya kujifunza. Mtoto akiaibishwa mara nyingi huacha kabisa, na tunabaki kusema hana bidii.

La pili ni "Nzuri," likiachwa peke yake. Halina ubaya, lakini ni kama uji usio na chumvi wala sukari. Aliyeambiwa "nzuri" kwa picha iliyotikisika atapiga nyingine iliyotikisika. Wengi wetu husema hivyo ili tusimuudhi mtu, au ili tumalize haraka. Kumsifu mtu kwa uongo ni kumnyima haki yake ya kujua.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni lile linaloacha picha na kumrukia mtu: "Umenenepa!" "Una pua kubwa kama babu yako." "Umetoka mweusi tii." Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha inapogeuka kuwa suala la afya.

Kasoro ni ya mwanga, si ya ngozi

Kamera haioni kama jicho la binadamu. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hukisia kiasi cha katikati. Mweke bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe uliopigwa na jua. Kamera itaona weupe mwingi mno, itapunguza mwanga, na uso wa bwana harusi utakuwa kama kivuli. Ndivyo inavyotokea kwa mtoto aliyevaa gauni jeupe la Komunyo ya kwanza, na kwa mtu aliyekaa na dirisha mgongoni. Hata popo wetu wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, ukimpiga picha ananing'inia juu ya mti na mbingu nyuma yake, atatoka kama doa jeusi, ingawa kwa macho unaiona manyoya yake ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu.

Kwa hiyo mtu akisema, "Binti umetoka mweusi," amesema jambo lisilo kweli. Iliyokosa mwanga ni picha. Ngozi ya binti iko vile vile ilivyokuwa asubuhi.

Tena kosa hili lina historia yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley. Rangi zilirekebishwa hadi mwanamke yule aonekane vizuri, na watu wenye ngozi nyeusi walitoka bila sura, meno na macho tu. Miongoni mwa waliolalamika walikuwamo watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutofautishwa vizuri na filamu ile. Baadaye filamu zilizoona vizuri zaidi rangi za giza zilitengenezwa, na katika miaka ya 1990 kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilianza kutolewa. Maoni ya watumiaji ndiyo yaliyosaidia kurekebisha filamu. Hakuna ngozi iliyohitaji kurekebishwa.

Lakini msichana wa miaka 14 hajui historia hiyo. Yeye amesikia tu kwamba ni mweusi mno, na waliosikia wamecheka. Baada ya wiki moja anaanza kupaka krimu aliyonunua kwa siri. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumika kwa muda mrefu yaweza kuiacha ngozi na mabaka meusi ya bluu yasiyotoka kwa urahisi. Nyingine zina dawa kali za steroidi ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke na kushambuliwa na fangasi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 unapiga vita vipodozi vyenye zebaki, lakini mkataba hauwezi kulinda nyumba ambayo ulimi wake haujalindwa.

Basi wazazi, mkionyeshwa picha ambayo uso umefifia, semeni, "Mwanga ulikuwa nyuma yake. Mgeuze alielekee dirisha, upige tena." Mmesema kweli, mmefundisha, na hamkumjeruhi mtu.

Hatua nne za kutoa maoni

Sisi wauguzi tulipokuwa chuoni tulifundishwa kutazama kwanza, kuuliza pili, na kusema baadaye. Muuguzi haingii wodini akatamka ugonjwa kabla hajamwangalia mgonjwa. Utaratibu huo unafaa pia kwa picha.

1. Tazama kwa utulivu. Shika simu vizuri, kaa kimya kidogo. Usiitazame picha huku unatafuta miwani au unamwita mtoto mwingine. Kutazama kwa makini tayari ni heshima.

2. Sema unachokiona. Usianze na hukumu. "Naona karafuu kwenye jamvi, naona mikono ya bibi, naona na baiskeli nyuma." Mwenye picha atajua macho yako yamekwenda wapi.

3. Uliza alichokusudia. "Ulitaka tuone nini hapa?" Labda alitaka mikono ya bibi, wewe ukadhani ni karafuu. Bila kuuliza utamrekebisha katika jambo ambalo hakulitaka.

4. Taja jambo moja lililofaa na jambo moja la kujaribu tena. Jambo moja tu. Mgonjwa akipewa dawa saba kwa siku moja huacha zote, na mwanafunzi naye akipewa makosa saba ni hivyo hivyo.

Tuseme kijana wa Konde amepiga picha wakati wa kuchambua karafuu, naye anamwendea mjomba wake baada ya sala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Una nini hapo?"

"Picha, mjomba. Nimempiga bibi anachambua karafuu."

Mjomba anaitazama. "Naona jamvi lote, naona makonyo upande huu, na bibi kule mwisho. Na baiskeli ya Hamadi naiona. Wewe ulitaka tuone nini?"

"Mikono ya bibi, mjomba. Vidole vyake vinavyokwenda mbio."

"Ahaa. Mwanga umeupata, maana karafuu nazihesabu moja moja. Lakini mikono iko mbali, mpaka niitafute. Kesho mwombe ruhusa bibi yako, uchutame karibu naye, mikono ijaze picha."

"Na baiskeli?"

"Ukisogea karibu, baiskeli itaondoka yenyewe."

Tazameni mjomba alivyofanya. Hakusema mtoto hajui. Hakumlinganisha na mtoto wa jirani. Amesema juu ya jamvi, mwanga, mikono na baiskeli, vitu vilivyomo ndani ya picha. Kijana ameondoka na kazi ya kufanya kesho.

Mambo matano ya kuangalia

Wengine mtasema, "Sisi hatujui mambo ya picha, tutataja nini?" Haya matano yanatosha kwa kuanzia.

Lenzi. Kioo kidogo cha kamera hushikwa na vidole vyenye mafuta ya nazi, unga na jasho. Picha yenye ukungu mara nyingi inahitaji kitambaa laini na kikavu tu.

Mtikisiko. Penye giza kamera huchukua muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na mkono ukicheza kidogo picha huvurugika. Aegemeze viwiko ukutani au mezani, ashushe pumzi, ndipo abonyeze.

Mwanga. Konde iko kiasi cha nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, na macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Asubuhi na alasiri ni bora. Anayetaka kupiga picha Vumawimbi, ufuo ulioelekea mashariki, aende alfajiri. Mchana amweke mtu kwenye kivuli cha mti au cha baraza. Na kwenye simu nyingi, ukiugusa uso wa mtu juu ya kioo cha simu kabla ya kupiga, kamera itaupima mwanga wa uso badala ya ukuta.

Kilicho nyuma. Nguzo iliyoota kichwani mwa bibi, kamba ya nguo, ndoo ya taka: macho yetu huvizoea, kamera huvichukua vyote.

Umbali. Kosa la wengi wanaoanza ni kusimama mbali. Hatua mbili mbele huponya picha nyingi.

Kwa anayepokea maoni

Sasa tuzungumze na ninyi vijana, na wakubwa mnaopenda kupiga picha. Kupokea maoni ni kugumu kuliko kutoa. Hata aliye na upole akikuambia kasoro, mwili huruka kidogo. Haya hapa ya kukusaidia.

Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, mara tatu. Moyo utatulia na masikio yatafunguka. Usijitetee papo hapo kwa kusema simu ni mbovu au watu walikuwa wanasukumana. Huenda ni kweli, lakini ukieleza sababu kumi hakuna atakayekuambia la kumi na moja.

Uliza swali lenye jibu. Ukiuliza, "Ni nzuri?" utaambiwa, "Nzuri." Uliza hivi: "Jicho lako limekwenda wapi kwanza?" au "Kuna kitu kinachokusumbua hapa?" Kuuliza si ujinga.

Waonyeshe wawili au watatu. Wakikuambia jambo lile lile, lishughulikie. Mmoja akisema peke yake, lipime. Si kila maoni ni dawa yako, kama vile si kila kidonge cha jirani kinakufaa.

Shukuru, kisha piga picha nyingine. Shukrani iliyo kubwa kuliko zote ni kurudi kesho na picha iliyorekebishwa. Na mtu akikutukana badala ya kukukosoa, una haki ya kuichukua simu yako na kuondoka kwa adabu. Aliyekuudhi hakusema juu ya picha, kwa hiyo huna cha kurekebisha hapo.

Ikiwa mtoto aliyependa kupiga picha ameacha ghafla, amejitenga, halali au hali vizuri kwa muda wa wiki mbili au zaidi, msimdharau. Kaeni naye, muulizeni alichoambiwa na nani. Asipopata nafuu, mleteni kituoni. Huzuni nayo hutibiwa.

Picha inayokwenda kwa muuguzi

Hapa ndipo utamu wa maneno unapoweza kudhuru. Wengi sasa hupiga picha ya kidonda au upele na kumwonyesha mhudumu wa afya. Ni jambo jema, hasa kwa kidonda kinachofungwa na kufunguliwa mara kwa mara, kwa sababu picha za siku ya 1, ya 4 na ya 8 hutuonyesha kama kinapungua. Lakini nyingi tunazoletewa zimetikisika au zimepigwa usiku chini ya taa ya manjano. Tukisema, "Tafadhali piga tena," msione tumewadharau. Tungesema, "Nzuri," mgonjwa ndiye angelipa.

Fanyeni hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Piga picha baada ya kidonda kusafishwa na kabla hakijafungwa tena. Piga mchana, karibu na dirisha au kwenye kivuli cha nje, bila flashi, kwa sababu flashi hung'ara juu ya majimaji na kuficha rangi. Piga picha mbili: moja ya mbali kidogo inayoonyesha mguu mzima, nyingine ya karibu. Weka rula pembeni, isiguse kidonda. Kila mara tumia umbali ule ule na mahali pale pale, na uandike tarehe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uvimbe haujitokezi wazi, hivyo piga na upande wa pili wa mwili ulio mzima ili tulinganishe. Tuambie pia kwa maneno kama pana joto, ugumu au maumivu, maana kamera haina mkono wa kugusa.

Jambo jingine muhimu: ondoeni urembo wa simu. Simu nyingi zina programu inayolainisha uso na kufuta madoa bila hata kuulizwa. Simu ya namna hiyo ni msifu mkubwa. Itamfanya mama aonekane kijana, na itafuta upele ambao muuguzi alitakiwa auone. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na yako mambo ambayo hayangoji picha. Mtoto mchanga mwenye homa, kuumwa na nyoka au mbwa, kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, kidonda chenye harufu mbaya au kilichogeuka cheusi, uvimbe unaopanda kwa kasi, homa pamoja na kidonda: haya yote ni kwenda kituoni mara moja, na kama lazima kuendelea hadi hospitali ya Micheweni, Wete au Chake Chake. Vile vile msitupigie picha ya mkojo wenye damu mkitarajia jibu. Kichocho huthibitishwa kwa kupima mkojo, na yai la mdudu wake halionekani ila kwa darubini.

Je, aliyepigwa ameridhia?

Tumebakiza swali moja ambalo linapaswa kutangulia maoni yote. Mtu akikuonyesha picha ya mgonjwa kitandani, ya maiti, ya mtoto anayeoga au ya mama wa jirani ambaye hapendi kupigwa picha, usianze kusifu mwanga. Uliza, "Mwenyewe ameridhia?" Hapa Pemba jirani zetu wengi ni Waislamu, na wako akina mama ambao sura zao hawapendi zitembee mikononi mwa watu. Kuiheshimu haki hiyo ni ujirani mwema.

Kwetu hospitali siri ya mgonjwa ni amana. Anayempiga picha mgonjwa wa kitanda cha pili ili awaonyeshe wenzake nyumbani amechukua kitu kisicho chake, hata kama picha imetoka safi kuliko zote. Maoni ya kirafiki kwa picha kama hiyo ni moja tu: ifute, kisha umwombe radhi. Kwa mtoto, aulizwe mzazi. Na mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kusema, aulizwe naye, na akikataa, simu ishushwe.

Ndugu wasomaji, jioni ya leo huenda mtoto atawaletea simu na kusema, "Hebu itazame." Mpe dakika mbili. Mwambie ulichokiona, muulize alichotaka, mtajie lililofaa na la kujaribu tena. Ngozi, pua na unene wa watu waliomo ndani ya picha uviache. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na yakiwa mazuri na ya kweli pia, humfikisha mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hakudhani atafika.

Mwenye swali kuhusu krimu za kujichubua, vidonda au picha za kumwonyesha mhudumu, asione haya kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Tunawatakia afya njema.